Nilijibu Kwamba Sipo

...na ni mimi niliyesema Massoudi hayupo, si mtoto, si mke wangu, si mgeni, ni mimi Massoudi, kwa mdomo huu huu ambao asubuhi ya leo umesoma Fatiha bila kukosea, nilisimama nyuma ya lango langu la bati pale Buyenzi nikajibu kwamba sipo, na aliyekuwa anagonga ni Pontien, niliyefanya naye upolisi miaka kumi na tisa, mtu aliyenijua hata nikikohoa, na sasa miaka minane imepita nimekaa kwenye benchi ya ofisi ya komini bega kwa bega na mjane wake, nangoja kuitwa dirishani nikashuhudie kwamba Pontien amekufa... benchi ni fupi, Mama Raïssa amejibana katikati ili tuenee, mimi mkono wa kulia na Népomuscène mkono wa kushoto, Népomuscène aliyekuwa mkubwa wa zamu yetu na sasa hana wa kumwamuru isipokuwa magoti yake, yeye ndiye shahidi wa kwanza na mimi wa pili, sheria inataka mashahidi wawili waliomjua marehemu, na Mama Raïssa amekwenda kwa watu wangapi? hakwenda kwa wengi, amekuja kwangu moja kwa moja, akasema, "Baba Yasmina, weye huwezi kusema uongo, ndiyo maana nimekuja kwako," na mimi nikamwitikia, nikamwambia nitakuja, nikaoga, nikavaa kanzu iliyopigwa pasi, nikaja... mbele yetu kuna mtu mmoja tu, bwana mmoja mnene wa Ngagara aliyekuja kuandikisha mapacha wake kwa kuchelewa, na karani, Marguerite, amemshika hapo hapo dirishani, "Nani alitangulia kuzaliwa?" na yule bwana anakuna kichwa, "Mama, mi nilikuwa kazini," "Nakuuliza nani mukubwa," "Wote wanajiita wakubwa, mama, wanapigana kila siku juu ya hiyo," na watu ukumbini wanacheka, Mama Raïssa naye anacheka kidogo, ananigusa kiwiko ili tucheke pamoja, nami nacheka, Mungu wangu, nacheka.

Namwomba Mungu wale mapacha wasiishe, karani aulize na mwaka aliozaliwa bibi yao, kwa sababu nikifika pale dirishani nitaulizwa mambo matatu, Népomuscène ameshanieleza, anayajua kwa kuwa ameshawashuhudia wastaafu wenzetu wanne, "Atakuuliza ulimujua, atakuuliza alikufa lini, atakuuliza alifia wapi, weye usijitie kuandika PV ya polisi bwana, ukisema alipotea kwenye vita inatosha, Marguerite hana shida," alisema hivyo akijipepea kwa kofia, kisha akaniangalia, "Na mbona unatoka jasho hivyo, kama yule mwizi wa kuku?" na Mama Raïssa akauliza mwizi gani, na Népomuscène akamsimulia, ile hadithi anayoisimulia kila maziko na kila harusi, jinsi Pontien alivyomkuta mwizi kule Kiriri anaruka ukuta wa nyumba ya mkubwa fulani na kuku mkononi, mwizi akamwambia, afande, nishikie kwanza huyu nivae viatu, na Pontien akamshikia, na mwizi akavaa viatu vizuri akafunga na kamba, akakimbia, akamwacha Pontien na kuku mbele ya lango la mkubwa, "Na mkubwa akafungua lango!" Népomuscène anajipiga paja, "akamukuta polisi yeye ndiye mwenye kuku!" na Mama Raïssa anajifuta macho kwa kitenge, anasema, "Hiyo hakuniambia, maskini, hakuniambia hiyo hata siku moja," na ni kweli, asingemwambia, Pontien hakupenda kuchekwa na mke wake... lakini mimi alinifundisha kwa kuku wa mwizi mwingine, nilipokuwa mgeni kazini, nimeandika kwenye taarifa kwamba tumemkamata mwizi, akaichana, akasema, "Massoudi, apana, usiandike mutu ni mwizi, weye ulimuona anaiba? Andika alikutwa na kuku. Andika kitu jicho imeona na sikio imesikia, basi, zingine ni za jaji," na miaka yote nimeandika hivyo, jicho limeona, sikio limesikia, saa, mahali, na nimejisifu kwa wanangu kwamba mimi polisi nisiyeongeza neno.

Basi jicho liliona nini... ilikuwa mwisho wa mwezi wa tatu, mwaka wa tisini na tano, saa nne asubuhi, mvua ilikuwa imekatika muda si mrefu, na kabla ya hapo, kama wiki mbili hivi, Pontien alikuwa amekuja kwangu kunywa chai, yeye alikaa Mutakura, na kule walikuwa wanawafukuza watu wa kabila lake nyumba baada ya nyumba, Mama Raïssa na binti yao alikuwa ameshawapeleka parokiani kwa masista, yeye amebaki kulinda milango, akaniuliza, mwenzangu, nikizidiwa nifanyeje, na mimi ndiye niliyempa shauri, nalisikia mpaka leo linavyotoka kinywani mwangu pamoja na mvuke wa chai, "Si unayo kabuti yako? Vaa kabuti, uje kwangu. Polisi haulizwi njia," kwa sababu siku ya kustaafu tulikuwa wawili, na yule wa stoo alituachia makabuti yetu ya mvua, yale ya buluu nzito yenye vifungo vya shaba, akasema mmeyachakaza wenyewe nendeni nayo nyumbani, na sisi wazee wawili wajinga tuliamini kwamba kabuti bado ni kabuti, kwamba kijana akiiona atasimama wima kama zamani, hatukujua, au mimi sikutaka kujua, kwamba siku hizo sare ilikuwa inatiliwa shaka kuliko shati, kwamba kila mzee mwenye kifungo cha shaba aliitwa mwizi wa sare au mtu wa msituni... raia wa kawaida asingekosea hivyo, raia angevaa shati kuukuu na ndala akapita kando kando ya ukuta, ni polisi tu ndiye anayeweza kutembea katikati ya barabara siku kama ile kwa kuamini nguo, na Pontien alitembea, kutoka Mutakura, akapita Ngagara na vizuizi vyake vyote, akafika Buyenzi, akafika avenyu yangu, na kabuti ilimpitisha kote huko, kote, mpaka kwangu.

Aligonga kama tulivyozoea kugonga tukija kumpokea mwenzetu zamu, mara mbili, ukimya, mara moja, na Asiya mke wangu aliinuka kabla yangu, nalitaja hili kwa sababu wakati wote huu moyoni mwangu nimekuwa nikijitetea kwa jina la Asiya, nasema nilikuwa na mke, nilikuwa na mabinti wawili ndani, Yasmina na Sumaya, na hayo ni kweli, lakini Asiya alikuwa ameshashika ufunguo, na mimi ndiye niliyemshika mkono, hapa kwenye kifundo, kwa nguvu, bangili yake ikamwacha na alama, na Pontien akaita, "Massoudi! Ni mi. Fungua," na kwenye kitundu cha bati niliona kabuti kuanzia kifuani kwenda chini, imelowa, imefungwa vifungo vyote mpaka cha mwisho kama siku ya gwaride, na nikasema, "Massoudi hayupo," nilijaribu kuibadilisha sauti, niliifanya nyembamba, sauti ya aibu hata kuikumbuka, na yeye akauliza polepole, kama mtu aliyefahamu, "Ametoka?" nikasema ametoka, "Atarudi saa ngapi?" nikasema sijui, na hapo angeweza kunitukana, angeweza kusema Massoudi nakusikia wewe mbwa, Wallahi ningependa aseme hivyo, lakini alisema, "Basi, mumwambie nimepita. Mumwambie asitoke leo, inje si kuzuri," mumwambie, alisema mumwambie, alinisemesha kwa wingi kama unavyomsemesha mtu usiyemjua nyumbani kwa watu, aliniachia uongo wangu nibaki nao, hakuuvunja... "Mama mudogo, sasa mukubwa ni nani, andika huyu wa kike, basi," anasema yule bwana dirishani, na Marguerite anamjibu, "Mi siandiki basi, mi naandika kitu umeona," na Népomuscène anacheka, "Huyu angefaa polisi," na Mama Raïssa ananigeukia, uso wake umekonda sana, mwaka huu umekonda kweli, anasema, "Pontien angempenda huyu karani."

Angempenda... na sikio lilisikia nini, maana jicho halikuona tena, nililitoa kwenye kitundu, nilikaa chini mgongo wangu kwenye bati, na nikasikia miguu yake inakwenda, viatu vya kazi, havikukimbia, vikafika pale kona kwenye mfereji, na nikasikia wale vijana, hawakuwa vijana wa mtaa wetu, walikuwa wametoka kwingine, "We mutama, we muzee, simama! Iyo kabuti umeiba wapi?" na yeye, "Ni yangu. Mi ni polisi wa pension," na kicheko, "Polisi wa pension! Na karti yako iko wapi?" na yeye akasema imeungua nyumbani, na mmoja wao akapaza sauti, akaitupa kwenye malango yote ya avenyu, upande huu na upande ule, "Nani anamujua uyu mutama? Mutu mwenye anamujua aseme!" na malango yote yakanyamaza, bati zote, ila za wengine zilinyamaza kwa sababu hawakumjua, na bati moja ilinyamaza ikimjua mpaka jina la mama yake, na ilitosha neno moja, sikutakiwa kupigana, sikutakiwa kutoka hata, ningesema kwa ndani namjua huyo, ni mwenzangu, nina kabuti kama hiyo hapa kwenye msumari, waje waione, na mimi watu wa Buyenzi wote wananijua tangu babu yangu alipojenga hapa, nisingeguswa, au labda ningeguswa, sijui, Hamimu fundi wa magari, nyumba ya nne kutoka kwangu, aliwaficha watu saba siku ile ile chini ya turubai la gereji, na Hamimu yuko hai, leo asubuhi nimempita anafunga gurudumu, akanisalimia... na wale vijana wakamwuliza Pontien, basi weye ulikuwa unakwenda kwa nani, na huo mlango wangu ulikuwa hapo, hatua thelathini, angenyoosha kidole tu, na alisema, nilimsikia vizuri kuliko ninavyosikia adhana, alisema, "Apana, hapa hakuna mwenye ananijua. Nimekosea avenyu." Ndivyo alivyosema. Kisha ikawa.

Na tangu hapo nimeyafanya mengine, la kwanza halikunitosha, sikutoka kumfunika, mimi niliyefanya kazi na mtu ambaye kila maiti tuliyoiokota barabarani, awe mlevi, awe mwizi aliyepigwa na watu, aliivua kabuti yake mwenyewe akaifunika, tukamcheka kwamba anarudi nyumbani analowa, na yeye alilala pale kwenye mfereji mpaka lori la maiti likaja saa tisa, hajafunikwa, kabuti yenyewe walishaichukua, na yangu ilikuwa kavu kwenye msumari, na kesho yake niliishusha nikaitupia juu ya kuni zinazowaka... Asiya hakuniambia kitu siku tatu, ya nne akaniambia, "Ile sauti uliitoa kwenye lango, nisiisikie tena humu ndani," basi, hajaigusa tena habari ile, lakini nyumbani kwa Mama Raïssa hajakanyaga mpaka leo, kila Idi ananipa mimi sinia nipeleke, anasema miguu inamuuma... na baada ya wiki tatu Mama Raïssa akaja, na binti amemshika mkono, akasimama pale pale langoni, akagonga vibaya vibaya kama mwanamke asiyejua kugonga, na hapo nilifungua, upesi nilifungua, akasema, "Baba Yasmina, Pontien aliniambia akizidiwa anakuja kwako. Alifika?" na mimi nikasema, bila kusita, kama mtu aliyejifunza kwa moyo, "Siku zile mi sikuwapo, Mama Raïssa, nilikuwa Rumonge, nilikwenda kumzika shangazi," na shangazi yangu wa Rumonge alikuwa hai, alikuwa anauza mawese sokoni, aliishi miaka sita mingine baada ya hapo, na Mama Raïssa, nguo zake zimeraruka, hana tena nyumba ya kurudi, alinishika mikono miwili akanipa pole ya shangazi. Nikaipokea. Na kwa sababu nilishindwa kumwangalia nikaongeza lile baya kuliko yote, nikasema nimesikia kuna watu walivuka kwenda Uvira, na kwamba Pontien alionekana kati yao.

Kwa neno hilo amengoja miaka minane, ilhali nililisema tu ili aondoke langoni... amekwenda Uvira mara mbili na picha ya Pontien ndani ya kitambaa, ameuliza kwenye kambi, ameuliza bandarini, kila kundi linalorudi anasimama barabarani anatazama wazee, na ile ofisi ya wastaafu inataka kila mwaka mzee ajionyeshe kwa macho kwamba bado yuko hai, na yeye kila mwaka alikwenda kuwaambia mume wangu yuko safarini, wakamcheka, wakamwambia mama, polisi wako amesafiri sana, na majirani wakamshauri amwandikishe amekufa, amalize, apewe haki ya mjane, akakataa mpaka mwaka huu njaa ilipomshinda, alisema mtu mzima haandikwi maiti, Massoudi amesikia aliko, Massoudi si mtu wa kuongeza neno... na mimi kila Ijumaa nasali, nafunga, nimetubu mpaka paji la uso limeota sugu, na shehe ametufundisha si mara moja kwamba dhambi ya kati yako na Mungu utaimaliza na Mungu, lakini haki ya mtu irudi kwa mtu, kwa mikono yako, na mimi nimekaa safu ya mbele nikiitikia kwa kichwa kama vile anamsema mwingine.

Yule bwana wa mapacha sasa ametumwa kumpigia mkunga simu, anabishana, anasema simu ya ukumbini haitoki, na Népomuscène ameinuka kwenda kumsaidia kwa ule ukubwa wake wa zamani, "Tulia bwana, hiyo namba unaipiga vibaya," na tumebaki wawili kwenye benchi, mimi na Mama Raïssa, nafasi imepatikana lakini hakujisogeza, amebaki karibu, harufu ya sabuni ya kitenge chake inanifikia, na anasema, hanitazami, anatazama mikono yake, "Baba Yasmina, mi nilikwenda kwa padri," nasema ee, "Nimeungama mbele, kabla ya kuifanya hiyo dhambi. Nimemwambia, padri, kesho ninakwenda kuandika bwana wangu amekufa, na sijui kama amekufa, na kama yuko hai huko Congo basi ni mimi nimemuua kwa karatasi. Padri amenipa kitubio. Lakini moyo haujatulia. Kila nikifumba macho namuona amesimama mlangoni ananiita kwa jina, Caritas, mbona umenizika?" na sauti yake haikulia, aliisema kavu, kama mtu anayetaja kosa lake na namba ya nyumba yake, kisha akauliza, "Weye ni mtu wa dini, unafikiri atanisamehe?" ...atanisamehe, yeye, amekwenda kupiga magoti mbele ya padri kwa kosa langu, amelibeba hadi kwenye kile kisanduku cha kuungamia akalitaja kwa jina lake mwenyewe, akapewa kitubio akakisali, na mimi wakati huo labda nilikuwa nakunywa chai, na nikiingia pale dirishani nikasema alipotea kwenye vita, karani ataandika, muhuri utapigwa, na mwanamke huyu atarudi nyumbani muuaji, maisha yake yote yaliyobaki atakuwa muuaji wa Pontien, na mimi nitakuwa shahidi wake... nilikuwa nimejitayarishia maneno, miaka mingi nimeyapanga, yanaanza na nisamehe, yanaendelea na nilikuwa na watoto, yanaishia na machozi, na sasa nayatafuta nayaona ni ya bure, kumwomba msamaha hapa, leo, ni kumgongea mimi sasa mlango wake nikitaka anifungulie, mimi nisiye na haki, atajua yeye mwenyewe la kufanya na mimi, akinitemea mate ukumbini mbele ya Népomuscène na yule bwana wa mapacha, sawa, akimwambia Raïssa na Raïssa akaja kusimama kwenye avenyu yangu akapiga kelele malango yote yasikie, sawa, Asiya atasikia, labda Asiya amengoja hilo, lakini saa anaweza kuijua, na mahali anaweza kupajua, ni pale kona ya mfereji, na neno lake la mwisho ninalo mimi peke yangu duniani, nimemficha miaka minane, na ni neno la mtu mwema, ni lake yeye na binti yake, si langu... "Haya, mapacha wangoje pembeni," anasema Marguerite, anafungua faili jingine, hajaita jina bado, analamba kidole anapekua, na Mama Raïssa ameshaanza kujikusanya, anakaza kitenge, mkono wake uko kwenye benchi kujiinua, na sauti inayotoka, naisikia, ni yangu, nzito, si ile nyembamba,

"Mama Raïssa, usiende dirishani kwanza. Kaa, unisikilize mpaka nimalize."